Chakula cha Mama Kisibaki

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ninyi wa rika langu, nawasalimu tu. Mchungaji amenipa nusu saa, nami nitamaliza ndani ya nusu saa, kwa sababu saa saba na nusu ni saa yangu ya kula na siibadilishi kwa ajili ya mtu, hata kwa ajili ya ushuhuda.

Nitakuwa naangalia dirishani. Mtu asiseme ninamdharau. Nikiangalia nyuso zenu, maneno yananipotea. Kwa miaka mingi hapa Busawe mmesema nina macho ya mwizi. Nina macho ya mtu mwenye usonji. Daktari wa hospitali kubwa kule Mwanza ndiye aliyenieleza, nikiwa na miaka thelathini na sita, kwamba nilizaliwa hivi. Si uchawi, si laana ya babu, si bangi. Wale mliosema bangi, niliwasikia.

Sitataja jina la mtu yeyote. Mchungaji ameniomba nisitaje, nami nimekubali. Ila hakuniomba nisiseme mtu amekaa wapi.

Jambo lingine kabla sijaanza. Nitasema neno moja la kule tulikokaa baada ya tohara, na nitalisema mbele ya wanawake. Wazee, najua haliruhusiwi. Kama kuna faini, mtaniambia ni mbuzi au ni ng'ombe, nami nitaleta. Ni neno moja tu. Mengine yote nimeyafungia mdomoni tangu nina miaka kumi na minne na yatabaki humo.

Haya. Mama yangu alinizaa mimi peke yangu. Baba alikuwa na mke wa pili, ambaye mimi namwita mama mdogo, ndiye yule mwenye kitenge cha kijani karibu na mlango. Yeye alizaa watano, wote wazima, wote wanaongea kama redio. Mimi nilianza kuongea nina miaka minne. Baba alikufa nikiwa mdogo, simkumbuki vizuri, nakumbuka tu kikohozi chake.

Nilikuwa nakula vitu viwili: ugali mweupe na maziwa. Mchuzi ukigusa ugali, nalia. Mlenda ukiingia mdomoni, nasikia kama kitu hai kinapanda kurudi juu. Ndugu wa baba walimwambia mama anichape mpaka nile kama watu. Mama akawajibu kwamba mtoto huyu ana mlango mmoja tu, na yeye anajua ulipo. Alinipikia ugali wangu, akaniwekea maziwa kwenye kikombe changu, mbali na ugali, na maisha yakaenda.

Kuna jambo ambalo ninyi hamtalielewa kirahisi, kwa hiyo sikilizeni. Tumbo lako wewe linasema. Linakuambia nina njaa, linakuambia sasa basi. Langu halisemi. Naweza kukaa siku nzima nisijue kwamba sijala, na naweza kula mpaka nianguke nisijue kwamba nimeshiba. Mama aligundua hilo nikiwa mdogo. Akawa ananiangalia, na ikifika mahali anasema, "Basi, umeshiba," nami naacha. Kwa miaka kumi na minne mama ndiye aliyekuwa tumbo langu.

Kisha ukafika mwaka wa tohara ya rika letu.

Tulikaa kule pamoja, vijana kumi, na tulikuwa na mlezi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha tunakula na vidonda vinapona. Mlezi huyo yupo hapa, upande wa wanaume, benchi la pili, amezeeka. Chakula kililetwa kutoka nyumbani kwetu, kila mama analeta, kinachanganywa, tunakula wote. Wiki ya kwanza wengi hawakuweza kula kwa maumivu. Wengine walikuwa wanalia chinichini na kurudisha sahani zikiwa zimejaa. Mlezi akakasirika. Akatusimamisha na kutuambia neno hili: chakula mtakacholetewa, kiwe cha mama yako au cha mama wa mwenzako, kisibaki. Ukibakiza, mama yako atakufa.

Ndilo hilo. Nimelisema. Kina mama mmelisikia na dunia haijaanguka.

Ndugu zangu, nawaambia, wale wenzangu tisa waliogopa kwa siku moja. Siku ya pili nilimwona mmoja anamwaga maharage kwenye majani, akaniambia kwamba mzee anatutisha tu. Mimi sikuelewa. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kusimama, akaangalia watoto machoni, akasema kitu ambacho si kweli ili wale chakula. Mpaka leo najua kwamba inatokea, lakini sijui mnaitambuaje. Siku ile ile ukaja mlenda. Niliula wote. Machozi yalinitoka, kamasi zikanitoka, nikaula, na wenzangu wakacheka mpaka wakashika vidonda vyao. Sikujali. Nilikuwa namwokoa mama.

Siku ya kutoka, mzee mmoja, ambaye sasa ni marehemu, alitusimamisha akatuondolea makatazo. Alisema mliambiwa msivuke mto, sasa mtavuka. Mliambiwa msipeane mkono na mwanamke, sasa mtapeana. Mliambiwa mlale chini, sasa mtalala kitandani. Nilihesabu. Yalikuwa matatu. Nikasubiri la nne, la chakula. Mzee akageuka, akaenda kunywa pombe na wenzake.

Kwa hiyo likabaki.

Mtaniuliza kwa nini sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani? Ya kule hayasemwi kwa wanawake, na mama yangu ni mwanamke. Wanaume nao, kijana mmoja alipouliza swali kule alipigwa kofi. Nikaweka mdomoni, nikafunga.

Jioni ya kwanza nyumbani mama alinipakulia. Ikafika mahali akasema, "Basi, umeshiba." Nikaendelea. Akasema tena. Nikamaliza sahani, na kwa kuwa sufuria lilikuwa limewekwa mbele yangu, nikamaliza na sufuria. Mama akacheka kwa furaha, akasema mwanangu amekuwa mwanaume. Alicheka hivyo kama mwezi mmoja. Baada ya hapo hakucheka tena wakati wa kula.

Sasa tuje kwenu.

Haikuchukua muda mkajua kwamba yule kijana wa mama fulani hawezi kuacha chakula. Mkaona ni mchezo. Kwenye arusi, kwenye ubatizo, kwenye matanga, mlikuwa mnaniita mapema kuliko wageni. Mlikuwa mnanikalisha mahali pa kuonekana. Mnaleta sahani, namaliza, mnaleta nyingine. Kuna arusi kule Mbalibali nilikula sahani tisa, na watu walikuwa wamewekeana dau la kreti ya soda. Wewe uliyeleta sahani ya nane umekaa benchi la nne, karibu na nguzo. Uliweka mlenda juu ya pilau. Ulijua, kwa sababu ulikuwa mmoja wa wale tisa. Niliula. Nikatapika nyuma ya hema, nikarudi, kwa kuwa ya tisa ilikuwa imeshaletwa na inanisubiri.

Mlipiga makofi. Mlisema, "Mura! Mura!" yaani kijana wa kiume, kama watu wanavyomshangilia fahali. Mimi nilidhani napendwa. Nasema ukweli mbele ya madhabahu: nilidhani ninyi mnanipenda. Nilifika nyumbani nikamwambia mama kwamba watu wa Mbalibali wananipenda sana. Mama akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta amekaa kwenye gogo la kuchanjia kuni, anafuta uso na kanga, akaniambia ni moshi. Hapakuwa na moto uliowashwa.

Sitaki kudanganya kanisani kwamba nilikula kwa sababu ya sheria peke yake. Mnajua mimi naendesha mashine ya kusaga. Mlio wa mashine haunisumbui, ni mlio mmoja tu, unatulia. Kinachonisumbua ni pale mashine inapozimwa na watu kumi wanasema kwa pamoja, huyu debe lake, huyu chenji yake, huyu amerukwa foleni. Kichwa kinajaa mpaka nataka kukigonga ukutani. Niligundua kwamba nikitafuna, nasikia taya zangu tu. Kwa hiyo nikaanza kununua mandazi. Manne, kisha manane, kisha kumi na mawili kwa siku. Ile haikuwa njaa ya tumbo. Ilikuwa njaa ya masikio.

Nilipofika miaka thelathini nilipima uzito kwenye mizani ya magunia pale mashineni. Kilo mia thelathini na moja. Kuna wateja walikuwa wanaweka chini madebe yao na kusubiri Jumamosi nipande kwenye mizani, wawasimulie wengine. Kiti cha mashineni kilivunjika, mkacheka. Nikaletewa kingine cha chuma, mkakicheka na hicho.

Sukari ilikuja yenyewe, haikupiga hodi. Nilikuwa nakojoa kila saa, kiu haikatiki, macho yanaona ukungu. Mama akanipeleka hospitali Mugumu. Nesi akapima, akashtuka, akanieleza vizuri kabisa: kula nusu ya unachopakuliwa, nusu nyingine acha. Nikaangalia dirishani. Nesi ni mwanamke, ningemwambia nini? Akarudia, mimi bado naangalia dirishani. Akamgeukia mama akasema mgonjwa huyu ni mkaidi. Mama akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nasikia yote.

Mama akaanza kunipakulia kidogo. Vizuri. Lakini ninyi majirani wema mkasikia kwamba naumwa, mkaja kunipa pole. Mkaja na nini? Mkaja na mahotpoti. Kila hotpoti lililofunguliwa mbele yangu nililimaliza. Mama alikuwa anawaomba msilete, mkasema mama huyu mchoyo, anamnyima chakula mtoto mgonjwa. Kwa hiyo mama akabuni njia yake. Akawa anakaa nami, anakula kutoka sahani yangu, haraka haraka, ili nisiimalize peke yangu. Nyama ya mafuta anachukua yeye. Mchuzi wa chumvi anakunywa yeye.

Mama alikuwa na presha. Alikuwa amekatazwa chumvi na mafuta. Alikula chumvi na mafuta yangu miaka miwili.

Nisubirini kidogo.

Haya. Nikapata kidonda mguuni, hakikupona, wakakata vidole viwili. Nikiwa bado kitandani hospitalini mama alikaa pembeni, akashika shuka, maana mimi kushikwa sipendi. Akaniambia, "Nibakizie tonge moja, mwanangu. Si kwa ajili ya daktari. Kwa ajili yangu mimi." Nikamwambia siwezi. Akaniuliza kwa nini. Nikafunga mdomo. Akasema sawa, akaangalia dirishani kama ninavyofanya mimi.

Niliporudi nyumbani nilifikiri juu ya maneno yale wiki mbili. Upande mmoja mama anasema bakiza. Upande mwingine ukibakiza mama anakufa. Mwisho nikaona kwamba aliyeomba ni mama mwenyewe, labda yeye ana ruhusa. Jioni moja nikabakiza tonge moja la ugali. Dogo hivi. Nikalifunika na bakuli. Mama alifunua bakuli, akaliangalia, akaenda kuwaonyesha majirani kama mtu aliyepata mjukuu.

Siku kumi na tisa baadaye alianguka jikoni. Alikuwa ameshakufa nilipofika kutoka mashineni.

Kwenye matanga, siku ya tatu, mlichinja ng'ombe. Nilikaa upande wa wanaume. Mtu akaniwekea sahani. Nikala. Akaja mwingine na nyingine. Nilikuwa mwana wa pekee wa marehemu, kaburi udongo wake bado mbichi, na nilisikia mtu nyuma yangu anahesabu. Sahani ya pili. Sahani ya tatu. Nilipofika ya nne nikasema kwa sauti kwamba mimi ndiye niliyemuua mama. Nilibakiza tonge moja. Nikawaeleza neno la mlezi, lote, na namna lilivyobaki bila kuondolewa.

Kisha mlezi akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mura, ile ilikuwa ya kuwafanya mle. Iliisha siku mlipotoka. Kila mtu anajua." Wanaume wote wakaangua kicheko. Nikawaangalia, nadhani ndiyo mara ya pekee nimewaangalia wote usoni, na kila mtu alikuwa anajua. Ishirini na moja, miaka ishirini na moja, na kila mtu alikuwa anajua.

Na mkono wangu ulikuwa unaendelea kula. Ndugu zangu, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nimeshaambiwa kwamba sheria haipo, mama hayupo, na mkono bado unaenda sahanini na kurudi.

Mama mdogo alikuwa amesikia yote, akatoka upande wa wanawake. Alipita katikati ya wanaume, hakuomba njia. Mnamjua, si mtu wa maneno matamu. Yeye na mama yangu hawakuwa wanasalimiana. Mimi mwenyewe alikuwa akiniita gunia. Akasimama mbele yangu akasema, "Mama yako ameshakufa. Hakuna wa kumuua tena. Weka chini hicho chakula."

Nikakiweka.

Kuna dada mmoja wa kwaya alimwambia baadaye kwamba yale yalikuwa maneno ya kikatili. Yalikuwa ya kikatili. Lakini mmekuwa mkinionea huruma kwa mahotpoti miaka yote, na hakuna huruma yenu hata moja iliyowahi kuusimamisha mkono wangu.

Msidhani nilipona siku ile. Hizo ni shuhuda za watu wengine. Sheria ilipoondoka hapakubaki kitu. Tumbo halisemi, mama hayupo wa kusema badala yake. Nilikaa siku nne bila kula, nikaanguka mashineni, mteja akadhani ni gunia limedondoka. Wiki iliyofuata nilikula mkate mzima wa mtu, nikala na unga mbichi kwa kiganja. Mama mdogo akanichukua, akanipeleka kwa yule nesi wa Mugumu, akamweleza habari nzima ya tonge. Nesi akakaa chini. Aliniomba radhi kwa lile neno mkaidi, nami nikamwambia kwamba aliyestahili kulisikia hayupo. Yeye ndiye aliyeandika barua ya kwenda Mwanza, na huko ndiko daktari alikotaja usonji na kunieleza kwamba wapo watu wengi ambao tumbo lao halisemi. Sikujua. Nilidhani nipo peke yangu duniani.

Kwenye basi tukirudi, mama mdogo hakufungua mdomo mpaka tulipopita Bunda. Ndipo akasema, "Kumbe wewe hushauriwi. Wewe unapewa sheria." Akaanza kunitungia zake.

Chakula ni saa moja asubuhi, saa saba na nusu mchana, na saa moja jioni. Sahani ni moja, ya bati, ina alama ya msumari ndani, chakula kisipite alama. Ugali ni ukubwa wa ngumi yangu, si ngumi ya mwingine. Mboga inaliwa kwanza. Na hapa mama mdogo, ambaye mnamwita mkali, alifanya kitu ambacho hakuna ndugu yangu aliyewahi kukifanya: aliniuliza mboga zipi mdomo wangu unazikubali. Kabichi kavu, mchicha uliokatwa mdogo, maharage yasiyo na mchuzi. Akasema basi ndizo hizo, mlenda hatutautaja. Nakula hivyo kila siku, mwaka wa pili sasa. Watu wanasema maskini, hachoki? Sichoki. Ninyi ndio mnachoka.

Na kila mlo lazima nibakize kitu kidogo kwa ajili ya kuku. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa nachungulia chumbani kwa mama mdogo kuona kama anapumua. Mtu mzima mimi, nimesimama mlangoni nahesabu pumzi za mwanamke mwingine. Alikuwa anasema bila kufungua macho, "Nipo. Nenda kazini." Nilichungulia hivyo miezi mitano.

Sikuwa mwema. Alifungia unga kwenye sanduku, nikavunja kufuli. Akanipiga mwiko kwenye vidole, nikajiuma mkono wangu mwenyewe, makovu haya hapa. Mara mbili nilirudia mandazi, kumi na mawili yote, nyuma ya mashine, na mara zote mbili nilimwambia mwenyewe kwa kuwa siwezi kudanganya. Hakunipa pole. Alinipandisha kwenye mizani Jumamosi kama kawaida, akasoma kilo kwa sauti, akasema kesho saa moja sahani ni ile ile. Kuhusu kelele, mwenye mashine aliniruhusu niweke pamba masikioni, na foleni ikinizidi natoka nje nakaa kwenye vumbi la pumba natafuna mti wa mswaki. Nimetafuna miti mingi sana. Mmenicheka na hilo, chekeni.

Leo nina kilo themanini na saba. Sukari imeshuka na inakaa mahali pake. Macho yanaona. Vidole vya miguu ni vinane na vitabaki vinane.

Mwaka jana nilikwenda arusi tena, Mbalibali kule kule. Nikala sahani moja. Mtu akaniletea ya pili, akaiweka mbele yangu, watu wakageuka kusubiri. Nikasema nimekula. Akasema mura, siku hizi umekuwa mzungu? Nikasema nimekula. Akaleta na ya tatu, akaziweka zote mbili mbele yangu, zinafuka moshi. Nilikaa nazo. Mkono wangu niliukalia. Nilikaa mpaka zikapoa, mafuta yakaganda juu, watu wakachoka kuangalia wakaenda kucheza muziki. Sikushangiliwa siku ile. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia, na mpaka sasa sijui kama kilikuwa kilio cha furaha, mimi vitu hivyo vinanichanganya.

Namshukuru nesi. Namshukuru daktari. Namshukuru mwenye mashine kwa pamba. Mama mdogo, nakushukuru wewe kuliko wote, na ninajua hupendi kutajwa, kwa hiyo nimemaliza. Mlezi wetu simshukuru. Nimemsamehe, kwa sababu mchungaji amesema ni lazima kusamehe, na mimi huwa nafuata sheria.

Mungu ninamshukuru pia, lakini kuna jambo moja ambalo namuuliza kila siku. Mama yangu alikufa akiamini kwamba amezaa mtoto mkaidi. Alinibembeleza miaka yote ile, nami sikumpa hata sababu. Hakujua kwamba kila tonge nililomeza lilikuwa kwa ajili yake. Hilo halina dawa, na sikuja hapa kuwaambia kwamba linayo.

Nimekuja kwa ajili ya Desemba. Najua kuna vijana wanaandaliwa, na walezi wao mko humu ndani, wengine mnaangalia chini sasa hivi. Watisheni mnavyotaka, mimi siwezi kuwazuia. Lakini siku ya kuwatoa msitaje makatazo matatu mkaenda kunywa. Tajeni yote, moja moja, kwa sauti, mseme hili limeisha, na hili limeisha, na la chakula nalo limeisha, kula ushibe, acha kinachobaki, mama yako hafi. Vijana tisa watawacheka. Wa kumi atakuwa anahesabu.